Barabara Husamehe Mara Nyingi, na Huko Ndiko Tatizo Linakoanzia

Mwulize dereva anayeligandia gari la mbele kwa nini anafanya hivyo, naye atakujibu kwa kukuhesabia miaka. Ameendesha miaka mingi, hajawahi kugonga, breki zake anazijua, miguu yake anaiamini. Wala hasemi uongo. Shida ni kwamba cheti anachokuonyesha amepewa na barabara yenyewe, na barabara ni mwalimu asiyesahihisha daftari. Ukikosea leo, kimya. Ukirudia kesho, kimya tena. Mwanafunzi wa mwalimu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa akidhani amepata yote.

Nimekaa sana kiti cha abiria, pembeni ya madereva wa kila aina, na nimefika mahali pa kuamini kwamba makosa mengi ya barabarani hayatokani na roho mbaya wala na kutojua sheria. Hakuna asiyejua maana ya taa nyekundu. Yanatokana na uzoefu unaodanganya. Ajali mbaya ni tukio adimu katika maisha ya dereva mmoja mmoja, ila ukiwajumlisha madereva wote wa dunia si adimu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Hesabu kama hiyo haionekani kutoka nyuma ya usukani mmoja. Sheria ya barabarani ndiyo inayompa dereva uzoefu wa mamilioni ya wenzake, uzoefu ambao angetaka kuupata mwenyewe pengine asingebaki hai kuusimulia.

Nianze na mwendo, maana mwendo ndio unaoamua kosa jingine lolote litalipiwa kiasi gani.

Kuna hesabu ninayopenda kuwapa wale wanaosema "nimezidisha kumi tu, kuna nini?" Chukua magari mawili yanayofanana kwa kila kitu, yanakwenda ubavu kwa ubavu. Moja liko kilomita 50 kwa saa, la pili 60. Mtoto anachomoka mbele yao. Madereva wote wawili wanamwona kwa wakati mmoja, na kila mmoja anachukua sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Lami ni kavu, breki ni nzima. Dereva wa 50 anakula kama mita 14 katika ile sekunde ya kushtuka, kisha kama mita 12 za breki. Anasimama baada ya mita 26, na tuseme mtoto yuko mita ya 27. Sasa niambie: dereva wa 60 akifika pale mwenzake aliposimama, atakuwa na mwendo gani? Wengi hujibu kumi, kwa kuwa tofauti ya mwanzo ilikuwa kumi. Jibu ni kama 40. Kushtuka tu kumemla mita 17 hivi, amebakiwa na mita 9 za breki, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haipandi sambamba na mwendo. Inapanda kwa mraba wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kwa hiyo mmoja amesimama na moyo unamwenda mbio, mwingine amemgonga mtoto kwa kilomita 40 kwa saa, na wote wawili asubuhi hiyo walitoka nyumbani wakijiona madereva wazuri.

Kanuni inayotumika sana katika taaluma ya usalama barabarani, iliyotokana na kazi ya Msweden Göran Nilsson, inaweka jambo hilohilo kwa upana wa barabara nzima: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali zenye vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Asilimia 1 ya mwendo hakuna abiria atakayeisikia. Takwimu za vifo zinaisikia.

Na faida yake? Safari ya kilomita 20 kwa mwendo wa 80 ni dakika 15. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 12. Dakika tatu, tena ikiwa barabara ni tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sijaliona. Watu hao hao hupoteza dakika tatu wakitafuta funguo.

Usiku hesabu inakuwa mbaya zaidi na wachache hulifikiria. Taa zikiwa zimeshushwa, gari nyingi huona mbele kama mita 40 hadi 60 tu. Kwa kilomita 100 kwa saa unahitaji mita zaidi ya 70 ili kusimama, hata kama uko macho na lami ni kavu. Maana yake unaendesha kuelekea mahali ambapo bado hujapaona. Ng'ombe aliyelala, lori bovu lisilo na alama, mtu aliyevaa nguo nyeusi: ukimwona, tayari umechelewa. Dawa ni kupunguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya eneo ambalo taa zako zinamulika, na kutumia fulu pale ambapo mbele hakuna mtu. Ila ukiona gari linakuja, ishushe mapema. Wapo wanaomwadhibu mwenzao kwa kumrudishia fulu machoni, wakasahau kwamba kwa sekunde kadhaa watu wawili waliopofuka watapishana umbali wa mita moja.

Sasa turudi kwa bwana aliyegandia gari la mbele. Kinachomwokoa kila siku ni kwamba gari la mbele halifungi breki ghafla. Hajawahi kujaribiwa. Kanuni ya sekunde mbili inafundishwa nchi nyingi na ni rahisi kuliko kukadiria mita: chagua nguzo au kivuli kilicho mbele, gari la mbele likikipita anza kuhesabu kwa mwendo wa kawaida, "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukikifikia kabla ya kumaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha fanya ziwe nne. Uzuri wa kupima kwa sekunde ni kwamba umbali unajirekebisha wenyewe: ukikimbia zaidi, sekunde mbili zinakuwa mita nyingi zaidi.

Nikimwambia mtu hivi, pingamizi ni lilelile siku zote: "Nikiacha nafasi, wenzangu wataichomekea." Ni kweli, watachomekea. Kila anayechomeka anakuchelewesha sekunde mbili, ambazo ndizo utakazotumia kurudisha nafasi. Wakichomeka kumi njia nzima, umechelewa sekunde ishirini. Nimeshindwa kumwona mtu ambaye sekunde ishirini zimemharibia siku, lakini nimeona wengi walioharibiwa siku na bampa.

Kwenye kulipita gari jingine katika barabara ya njia mbili nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo naona watu wenye akili timamu wakifanya hesabu ambayo hawajaifanya. Mbele yako kuna lori refu, mita 18, linakwenda 70. Wewe unataka kulipita kwa 90. Unaanza ukiwa mita 20 nyuma yake, na ili urudi njia yako bila kumbana unahitaji mita 20 mbele yake. Jumlisha na urefu wa gari lako: unapaswa kumzidi kwa zaidi ya mita 60. Tofauti yenu ya mwendo ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Kumpita kunachukua kama sekunde 11. Katika sekunde hizo wewe umetembea mita 275 ukiwa upande usio wako. Gari linalokuja, likiwa nalo lina 90, limetembea mita 275 nyingine. Unahitaji zaidi ya nusu kilomita iliyo wazi, na hapo hatujaweka akiba hata ya mita moja. Gari lililo umbali huo ni kama doa, na jicho la binadamu ni hafifu mno katika kupima mwendo wa doa linalomjia moja kwa moja. Unaona ukubwa, huoni kasi. Linaweza kuwa na 90, linaweza kuwa na 120.

Kwa hiyo mstari usiokatika uliochorwa katikati kabla ya kona au kilima haukuwekwa kwa mapambo. Mtu alikuja na vipimo, akaona kwamba kutoka kiti cha dereva umbali unaoonekana hautoshi, akauchora. Dereva anayeuvuka anasema kwamba macho yake, kwa wakati ule, yanajua zaidi ya vipimo. Mbaya zaidi ni yule anayemfuata anayepita: gari la kwanza limepata upenyo, la pili linaingia nyuma yake bila kuona chochote ila mgongo wa gari la kwanza. Na wapo wanaopitwa wakakasirika wakakanyaga mafuta. Huyo naye anavunja sheria karibu kila mahali, kwani anayepitwa hatakiwi kuongeza mwendo. Anazirefusha zile sekunde 11 za mtu mwingine kwa sababu ya kiburi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo huwa linanikera. Dereva akilipita lori kwenye kona akarudi salama, hujiona fundi. Lakini ukiangalia vizuri, mara nyingi aliyemaliza kazi ni mtu mwingine. Dereva wa lori aliondoa mguu kwenye mafuta. Anayekuja alifunga breki na kutoka nje ya lami. Mwendesha pikipiki alikimbilia vumbini. Msamaha wa barabara, ninaousema tangu mwanzo, hauanguki kutoka mbinguni. Kuna mtu ameutoa, na aliyesamehewa hata hakumwona. Yeye ameandika kwenye kumbukumbu zake: "nilipita, hakukuwa na tatizo."

Katika usafiri wa anga wanalichukulia jambo hili tofauti kabisa. Tangu mwaka 1976 Marekani ina mfumo, unaoendeshwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ambamo marubani na wafanyakazi wengine huripoti matukio ya kukoswakoswa, bila majina yao kutajwa. Ndege mbili zikikaribiana kuliko inavyotakiwa na kila mtu akafika salama, hilo halihesabiwi kuwa mafanikio. Linachunguzwa kama ajali iliyokosa kidogo tu kukamilika. Dereva wa kawaida hana wa kumripotia, lakini swali anaweza kujiuliza, na kwa maoni yangu ndiyo tabia moja yenye thamani kuliko zote: kila ukipata mshtuko barabarani, jiulize nani amekuokoa. Ikiwa jibu ni "yule mwingine alifunga breki," basi kwa upande wako ajali ilishatokea.

Kivuko cha waenda kwa miguu kinafuata, kwa kuwa hapo anayetakiwa kusamehe ndiye mwenye mwili mtupu. Kosa la kutosimama linajulikana. Lisilojulikana sana, na ambalo huua hata pale madereva wengi wanaposimama, ni kulipita gari lililosimama kwenye kivuko. Katika barabara yenye njia mbili za kuelekea upande mmoja, dereva wa kwanza amesimama. Mama anaanza kuvuka mbele yake, amekingwa na bodi la gari. Dereva wa pili, kwenye njia ya pembeni, anaona tu mwenzake kasimama bila sababu, anajipitia. Mama anatokeza kwenye kona ya gari la kwanza mita mbili kutoka kwenye bampa la pili. Ukarimu wa dereva wa kwanza ndio uliomwita barabarani. Ukiona gari limesimama karibu na kivuko, simama nalo hata kama hujajua limesimamia nini. Na ukiwa wewe ndiwe wa kwanza, usimame mita kadhaa nyuma ya mstari ili wa pembeni waweze kuona, na usimpungie mtu mkono avuke. Huwezi kumwahidi njia ambayo si yako.

Tukiwa kwenye taa, niseme neno kuhusu njano. Mwaka 1920 askari wa Detroit, William Potts, alitengeneza taa ya rangi tatu kwa sababu taa za nyekundu na kijani peke yake hazikumpa mtu nafasi ya kumaliza alichokianza. Njano ilizaliwa ili watu wasimame kwa utulivu. Leo, ukikaa kwenye makutano yoyote na kutazama, utaona kwamba ikiwaka magari yanaongeza mwendo. Karne moja imetosha kuigeuza kuwa kengele ya kuanzia mbio. Anayeingia makutano na njano ya mwisho anakutana na mwenye pupa wa upande wa pili, yule anayeondoka kabla kijani haijawaka sawasawa, na kugongwa ubavuni ni kubaya kwa kuwa mlango hauna injini wala buti la kumeza kishindo. Tabia ndogo inayosaidia: kijani ikiwaka, tazama kushoto na kulia kabla ya kuachia breki. Watakupigia honi. Waache wapige.

Simu. Sina haja ya kueleza kwamba kuandika ujumbe ukiendesha ni kosa. Kila mtu anakubali, kisha anaandika. Sekunde tano za kusoma ujumbe kwa mwendo wa 80 ni mita 110 bila dereva. Jambo linalozua ubishi ni kuzungumza kwa vifaa vya masikioni, ambavyo sheria za nchi nyingi zinaviruhusu na watu huvichukua kama kibali. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti wa madereva wa Toronto waliopata ajali, wakilinganisha kumbukumbu za simu zao. Wakati wa kuzungumza na simu, uwezekano wa kugonga ulikuwa takriban mara nne. Na waliotumia simu bila kuishika hawakuonyesha kuwa salama zaidi. Kinachobebwa na simu ni akili, mkono ni kisingizio. Hapo huwa naulizwa: basi na kuzungumza na abiria? Tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Ukifika kwenye makutano magumu ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele. Aliye upande wa pili wa simu anaendelea kukusimulia habari za mirathi.

Ulevi niupite haraka, kwa kuwa hauna utetezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisizidi gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu kwa madereva kwa jumla, na 0.02 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Kahawa, maji baridi na mazoezi haviondoi pombe mwilini. Ini linafanya kazi yake polepole, na aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kuamka asubuhi bado hajafaa.

Ila usingizi hauna kipimo cha kupuliza, na ndiyo maana unatendewa kwa heshima. Mtu akisema "nimeendesha usiku kucha" anasifiwa. Drew Dawson na Kathryn Reid, katika jarida la Nature mwaka huohuo wa 1997, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za kuratibu macho na mikono kama mtu mwenye pombe ya 0.05, na akifika saa 24 ni kama wa 0.10. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na bado yuko kwenye usukani saa nne usiku amefika kwenye 0.05 bila kuonja kitu. Dalili zake zinajulikana: kukosa kumbukumbu ya kilomita chache zilizopita, kupepesa sana macho, gari kugusa mstari wa pembeni. Kufungua dirisha na kupandisha muziki havisaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Nasema mahali salama, maana ukingo wa barabara kuu gizani si mahali pa kulala.

Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga leo ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila kudai malipo ya hataza. Kwa walioketi mbele unapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45 hadi 50. Wengi sasa hufunga mbele, ikiwa si kwa kuipenda roho yao basi kwa kumwogopa askari. Nyuma ndiko kuna uzembe. Mtu mzima asiyefunga mkanda kiti cha nyuma, gari likisimama ghafla, yeye hasimami. Anaendelea kwa mwendo uleule mpaka akutane na kiti cha mbele na mtu aliyekikalia. Ambaye kajifunga mbele anauawa na ndugu yake wa nyuma. Na mtoto aliyepakatwa: kwa mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kumshika. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma nacho kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko hutoka kwa nguvu ya kumuumiza. Kwa wenye pikipiki, kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 70, lakini ile isiyofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Mengine ni madogo kwa kuyataja, ingawa yana hila zake. Indiketa inayowashwa wakati usukani umeshageuka haimwambii mtu kitu asichokiona. Iwashwe kabla, hata kama unadhani hakuna anayekuona, kwa sababu anayekuhusu zaidi ni yule ambaye wewe hujamwona. Vioo vya pembeni vina sehemu visipofika, na nguzo ya kioo cha mbele inaweza kumficha mwendesha pikipiki mzima katika makutano, tena akaendelea kufichika jinsi nyote wawili mnavyosogea. Hivyo sogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia barabara kuu. Usiridhike na kutazama mara moja. Kuwashiana taa nako kuna utata: kwa mmoja ina maana "pita," kwa mwingine "nakuja, usithubutu." Mimi nisingeweka maisha ya mtu juu ya ishara yenye maana mbili zinazopingana.

Kuna matumizi mengine ya kuwasha taa ambayo hunichekesha: kuonyana kwamba mbele kuna askari wa trafiki. Ghafla kila mtu anakwenda mwendo wa sheria, mikanda inavutwa, simu zinaanguka mapajani. Baada ya kilomita mbili kila kitu kinarudi kama awali. Onyesho hilo linathibitisha kwamba wote wanaijua sheria, neno kwa neno. Linaonyesha pia kwamba faini kubwa peke yake haisaidii sana mtu asipotarajia kukamatwa. Faini ndogo isiyokosekana hutisha zaidi ya kubwa inayotokea kwa bahati mbaya. Sweden, ambayo bunge lake lilipitisha mwaka 1997 sera ya kutokubali kifo chochote barabarani, ilikwenda mbali zaidi: ikakubali kwamba watu watakosea tu, ikajenga barabara zinazopunguza adhabu ya kosa. Vizuizi vya waya katikati ili magari yasikutane uso kwa uso. Mizunguko badala ya makutano ya taa, kwa kuwa kwenye mzunguko watu hugongana kwa mwendo mdogo na kwa pembe isiyoua. Huo ni msamaha uliopangwa na wahandisi, na ninauamini kuliko ule wa kubahatisha.

Gari lenyewe lina dhambi zake. Tairi kipara kwenye lami kavu hukimbia vizuri tu, ndiyo maana mwenye nalo halibadilishi. Mvua ikinyesha, mifereji ya tairi ndiyo inayosukuma maji pembeni. Ikiisha, maji yanabaki chini ya mpira na gari linaelea. Nchi nyingi zimeweka kina cha mwisho kuwa milimita 1.6. Gari likielea, usifunge breki kwa nguvu wala kukata kona: ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani uelekee mbele, subiri mpira uguse lami. Upepo wa tairi upimwe likiwa bado la baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, linapata joto, na likipasuka litapasuka katikati ya safari ndefu, kwenye mwendo mkubwa, gari likiwa limejaa watu.

Nimalizie na kiti changu, cha abiria, kwa kuwa wengi wetu barabarani ndimo tunamokaa. Tumejifunza kunyamaza. Tunaona ni utovu wa adabu kumwelekeza mtu anayeendesha, hasa akiwa mkubwa wetu au mwenye gari lake, au tunaogopa kuchekwa na abiria wenzetu. Nilichogundua ni kwamba kupiga kelele wakati gari limeshatoka njia yake hakusaidii, kunamshtua tu. Neno lisemwe mapema, safari ikiwa bado tulivu, tena lihusu hali yangu wala si ufundi wake. "Dereva, mimi mwendo huu unanitia kizunguzungu, naomba upunguze kidogo." Mtu atabishana nawe kuhusu uendeshaji wake mpaka kesho, lakini ni vigumu kubishana na kizunguzungu cha mwenzake. Simu ikiita, ninajitolea kuipokea mimi na kumsomea. Akipiga miayo, mimi ndiye ninayetaka kujisaidia, na nikishuka najinyoosha taratibu kabisa, bila haraka ya kurudi. Mara nyingi inatosha. Isipotosha naomba kushuka mahali penye watu na mwanga, nasubiri usafiri mwingine, na nauli niliyokwisha kulipa siidai.